Yamaha YZ125 ya mtumba: miaka 9, mtulinga mmoja, goti moja, na bado naipa nyota nne

Naanza na jibu ili msiopenda kusoma mpite mapema. Ningeinunua tena? Ndio, hata kesho. Nakushauri na wewe uinunue? Hapo inategemea una umri gani na una kiburi kiasi gani, na hilo la kiburi ntalifikia huko mbele maana ndo lililonigharimu.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja. Tangu nitundike helmeti 2022 natafutwa na mabinti wanaotaka kuanza motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye udongo na majampu, na zaidi na baba zao, tena hao kina baba wanapiga simu saa nne usiku wanaongea kwa sauti ya chini kama wananunua magendo, mama mtoto asisikie. Swali ni lile lile, dada tumeona YZ125 ya mtumba Nairobi, tuchukue? Haya, kaeni niseme yote mara moja.

Mimi ni wa Arusha. Mzee wangu ni fundi pikipiki, banda lake liko Unga Limited, na kabla hizi za Kihindi na Kichina hazijajaa mjini alikula ugali kwa DT125 na AG100, zile Yamaha za mabwana shamba na watu wa miradi. Zile zote ni tustroku, injini ya kuchanganya oili na petroli, kwa iyo mimi nilijua kusoma plagi kabla sijamaliza jedwali la kuzidisha. Mzee alikua ananipa plagi mkononi ananiuliza inasemaje. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, inashiba kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chaki zima hapo hapo, la sivyo unaenda kununua pistoni. Hiyo ndo elimu niliyoingia nayo kwenye mbio, sikua na kocha wala nini.

2013 nikiwa na miaka 19 tukapata YZ125 ya 2008 kwa mzungu mmoja aliyekua anahama Nairobi na hataki kuisafirisha. Mzee aliipiga kiki mara moja, akasikiliza, akazima, akaweka kiganja kwenye silinda, akasema lipa. Hakusema kingine mpaka tumefika Namanga.

Sasa mashine yenyewe. Kuna kitu kimoja kuhusu YZ125 ambacho kwa sisi watu wa huku ni kikubwa kuliko spidi, nacho ni kwamba Yamaha waliweka fremu ya aluminiamu 2005, wakaweka fogi, yani shokapu za mbele, za KYB 2006, halafu wakaiacha karibu hivo hivo mpaka 2021. Wazungu wanailalamikia kwamba imezeeka. Mimi naona ni baraka tupu, maana pistoni inayoingia kwenye ya 2005 inaingia kwenye ya 2020, kwa iyo ukiomba mtu anayetoka Afrika Kusini au Dubai akuletee kifurushi cha pistoni na ringi huna haja ya kupiga naye simu kumi mnabishana mwaka wa pikipiki. Kariakoo hautopata, usijisumbue. Nairobi utapata kwa bei ya kuumia. Ukisikia mtu anakuja na ana nafasi kwenye begi, agiza mbili.

Injini ni cc 125 ya kweli, pistoni ina upana wa milimita 54 na inasafiri milimita 54.5, farasi kama 35 hivi kwenye tairi ikiwa na afya. Chini hakuna kitu jamani. Chini kabisa ni cherehani ya mama, unafungua mafuta inakuangalia tu. Halafu resi, yani mizunguko ya injini, zinapanda, vali ya ekzosi inafunguka, ghafla kama mtu amemwagiwa maji ya baridi, inaruka, na hapo ndo una muda mfupi kabla haijaisha pumzi ukapige gia nyingine. Zipo gia sita na utazitumia zote. Siku ya kwanza mkono wangu wa kushoto uliuma mpaka nikashindwa kukata chapati, maana hii mashine unaiendesha kwa klachi, kila ukitoka kona unaichokoza klachi kidogo ili resi zisianguke.

Na hapa ndo ualimu wake ulipo. Ukiwa na 250 ya fostroku, injini isiyochanganyiwa oili kwenye petroli, unaweza kukosea kona, ukafunga breki kama mjinga, halafu ukafungua mafuta na injini ikakusitiri. Hii haisitiri mtu. Ukipunguza mwendo bila sababu umepunguza, hakuna nguvu ya kukurudishia, utakaa unaangalia migongo ya watu wanaondoka. Kwa iyo unajifunza kuchagua mstari mapema, kusimama kwenye vikanyagio, kuingia kona ukiwa na spidi na kuitunza kama mtu anayebeba maji kichwani. Nilikimbia na wavulana wenye mashine kubwa pale Jamhuri Park, Nairobi, kwenye sehemu iliyonyooka wananipita kama nimepaki, tukiingia kwenye kona nawakuta. Walikua wanakasirika. Mmoja aliwahi kuniambia dada wewe huna breki nini.

Kuna Mmarekani mmoja, Ashley Fiolek, alizaliwa kiziwi, na alichukua ubingwa wa wanawake wa Marekani mara nne, 2008, 2009, 2011 na 2012. Watu walikua wanajiuliza anabadilishaje gia bila kusikia injini, kumbe anaisikia kwa mwili, ule mtetemo. Nilivosoma hiyo habari nikaenda kujaribu, nikaziba masikio kwa pamba chini ya helmeti. Nikagundua mimi nilikua nasikiliza sana na kuhisi kidogo. Ukiiendesha 125 kwa nyayo na mapaja badala ya masikio unajua sekunde moja kabla kwamba inaelekea kuisha pumzi. Sijui kama alinisaidia kushinda chochote ila mkono wa kushoto uliacha kuuma.

Kabureta. Hapa wengi wenu ndo mtalia. Za mpaka 2021 zina Mikuni ya milimita 38, na sisi tunakimbia sehemu zenye urefu tofauti kutoka usawa wa bahari. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600, Arusha kama 1,400, Entebbe haifiki 1,200. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, unaweka jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ili petroli isizidi, na hata ukipatia bado injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Yani Nairobi unakimbia na 125 iliyokatwa mshahara. Ukishuka kwenda Uganda hewa inakua nzito kidogo, sasa ile jeti ndogo uliyotoka nayo inakua njaa, petroli haitoshi, injini inachemka, na tustroku ikikosa petroli imekosa na oili maana vinaingia pamoja.

Mimi nilisahau. Safari yangu ya kwanza Garuga, ule uwanja wa upande wa Entebbe, tumesafiri usiku kucha kupitia Busia, tumefika tumechoka, nikafanya mazoezi na jeti ya Nairobi. Mzunguko wa nne kwenye sehemu ndefu pistoni ikakamata ndani ya silinda, tairi la nyuma likaganda, nikaruka mbele kama gunia. Nikampigia mzee nalia. Akaniuliza swali moja tu, plagi ina rangi gani? Nikatoa, nyeupe peee. Akanyamaza kidogo, akasema, "Umebeba uji wa mtoto ukamlishe mtu mzima. Pole. Umeumia?" Ndo mpangilio wake huo, kwanza plagi, kuumia baadae.

Na hapo hapo onyo jingine, silinda ya hii mashine imepakwa ndani tabaka gumu la kiwandani, sio chuma cha kawaida kama cha boda. Ikikwaruzika fundi wa mtaani atakwambia usijali mama tunaiboa tunaweka ovasaizi, yani wapanue tundu waweke pistoni kubwa zaidi. Mwambie asante, chukua silinda yako uondoke. Ile haiboliwi kienyeji, inapelekwa nje kupakwa upya au unanunua nyingine, na hapo utauza mbuzi. Mimi niliponea chupuchupu kwa sababu ilikua na mikwaruzo ya juu juu.

Oili, kitabu cha Yamaha kinasema 30 kwa 1, yani lita 5 za petroli unaweka kama mililita 165 za oili. Usichukue oili ya msumeno wa kukatia miti eti zote ni tustroku. Na usichanganyiwe na mtu, changanya mwenyewe, uandike kwa maka peni kwenye dumu. Najua mtu aliyeweka petroli kavu kwa sababu mdogo wake alimjazia kwa nia njema. Ndugu zangu wa Tanga na Mafia nyie mnaoishi na mashine za boti hamhitaji somo hili, mtacheka tu.

Kimo sasa, maana kila binti anauliza. Siti iko karibu mita moja kutoka chini. Mimi nina sentimita 157. Hesabu mwenyewe. Miezi ya kwanza nilikua naanguka nikiwa nimesimama, sio kwenye jampu, hapana, kwenye foleni ya geti la kuanzia mbio, mbele ya watu. Suluhisho langu halikutoka kwenye duka lolote la Ulaya, lilitoka kwa fundi sofa jirani yetu, baba mmoja mtaratibu sana, akakata sponji kama vidole vitatu katikati, akashona upya kwa ngozi ya makochi ya kahawia iliyobaki. Ilikua mbaya kuangalia. Niliikalia miaka tisa. Na kwenye geti nilikua na kipande cha mbao nakanyagia mguu wa kushoto, ukianza unakiacha hapo, kaka yangu anakuja kukiokota.

Kwa upande wa uzito hapo mashine inakubeba. Kilo 95 hivi ikiwa na petroli. Ile 250 ya fostroku ya Yamaha iko kwenye 106. Kilo kumi na moja hazionekani kwenye karatasi ila ukishaanguka kwenye tope dakika ya kumi na tano, moyo unapiga kwenye masikio, na lazima uiinue mwenyewe maana ukisaidiwa sana muda unakwenda, utazihesabu moja moja. Halafu inawaka kwa kiki tu, haina switchi, lakini kiki yake ni nyepesi. Ikiwa ya moto mara moja imewaka. Fogi na shokapu za kiwandani ni nzuri ajabu, wengi wanasema ndo bora kwenye daraja lake na mimi sina ubishi, ila zimewekwa springi za mtu mzito kuliko mimi, nina kilo 54, ikabidi nitafute springi laini. Kabla ya hapo ilikua inanirusha kama mahindi kwenye ungo.

Mavazi sitaki kuongea sana nitapandisha presha. Kinga ya kifua ya kiume inakaa kwenye mwili wa mwanamke kama sufuria. Buti nilivaa za watoto wakubwa. Basi.

Sasa mbio zenyewe, maana mtu huwezi kusema mapitio ya pikipiki ya mashindano bila kusema ulishindana nini. Mara nyingi tulikua mabinti wawili, watatu, kwa iyo wanatuchanganya na vijana wa 125, unaanza na watu ishirini na kitu halafu mwisho wanakutafutia nafasi yako kwa karatasi, eti wewe ni wa kwanza kwa wanawake, na mwingine ni wa pili, na hamkuonana uwanjani hata mara moja. Nina vikombe vya aina hiyo vinne. Vimekaa kwa mama juu ya kabati, anavifuta vumbi lakini hajawahi kuja kuniangalia hata siku moja. Aliniuliza mara moja tu, pikipiki ni za kubebea watu, wewe unabeba nini?

Sikua na jibu wakati ule na sina sa hivi.

Nilikua naangalia wenzetu wa kule juu. Ubingwa wa dunia wa wanawake nao sio mkubwa kama mnavofikiri, raundi sita au saba hivi kwa mwaka wakati wanaume wana karibu ishirini, na kila mbio ni dakika 20 na mizunguko miwili, wanaume 30 na miwili. Kiara Fontanesi wa Italia amechukua mara sita, 2012 mpaka 2015 mfululizo, halafu 2017 na 2018. 2019 akakaa nje kwa ujauzito, akazaa, akarudi kukimbia. Livia Lancelot wa Ufaransa alishinda 2008, akaja kushinda tena 2016, miaka nane katikati! Hebu fikiria kuamka kila asubuhi kwa miaka nane na ile njaa. Lakini niliyempenda ni Courtney Duncan wa New Zealand. Huyu alikua na spidi kuliko wote na taji likawa linamponyoka tu, 2016, 2017, 2018, mara ameumia, mara mbio zimesimamishwa kwa bendera nyekundu, mpaka watu wakaanza kusema ana mkosi. Akachukua 2019, 2020, 2021. 2022 akavunjika mtulinga, taji likaenda kwa Nancy Van de Ven wa Uholanzi. 2023 akalirudisha.

Mimi nilivunjika mtulinga 2017, wa kushoto, kwenye jampu dogo la kipuuzi ambalo hata watoto wa pikipiki za cc 65 walikua wanaliruka. Nilivokua nimelala na mkono shingoni nilikua najisemea Courtney, Courtney. Ndo maana namtaja.

Lakini kuna kitu nilikua sitaki kukiona. Kule kwenye ubingwa wa dunia kanuni zinaruhusu 125 za tustroku na 250 za fostroku, na ukiangalia geti utaona karibu wote wamekalia 250. Hawa sio wajinga. Ni wepesi kama mimi, wengine wafupi kama mimi, wangetaka mashine nyepesi wangechukua. Wamechagua nguvu, kwa sababu kutoka getini mpaka kona ya kwanza hakuna ufundi wa kona utakaokusaidia, ni injini tu, na ukifika kona ya kwanza ukiwa wa kumi na tano unakula vumbi na mawe, na kila unayempita unampita kwa jasho.

2019 nikaletewa 250 ya fostroku ya mtumba. Sio kuletewa tu, rafiki yangu wa Nairobi aliyekua anaacha mbio aliniambia dada chukua, utanilipa kidogo kidogo mwaka mzima. Mzee akaikagua, akasema ni nzima. Nikaijaribu mizunguko sita pale pale. Nilikua na kasi kuliko nilivowahi kuwa, saa ilisema hivo, nilipunguza sekunde tatu kwa kila mzunguko na wala sikua nimeizoea. Nikashuka, nikamrudishia ufunguo wa stoo, nikamwambia hapana.

Nimeulizwa kwa nini na nimetoa sababu nyingi kwa miaka, spea ghali, injini ikilipuka ni bei ya kiwanja, nzito kuinua. Zote za kweli. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba watu walikua wananijua kama yule binti wa Arusha mwenye 125 anayewala wanaume kwenye kona. Nikipanda 250 na kushinda watasema ni mashine. Nikipanda na kushindwa, je? Nilikua napenda zaidi kusifiwa nikiwa wa saba kuliko kushinda bila stori. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikafuta, sasa naiacha.

Msimu uliofuata wa kawaida, baada ya korona, tulifika mabinti sita kwenye mbio za mwisho kule Uganda, wakatupa daraja letu wenyewe, mara ya kwanza kwangu kusimama kwenye geti nikageuka kulia na kushoto nikaona mikia ya nywele inatokeza chini ya helmeti. Nililia kidogo ndani ya miwani nikasema ni vumbi. Nilikua naongoza kwa pointi moja. Mwenzangu wa pili alikua na 250. Kutoka getini kuna kipando kirefu cha mlima, udongo mwekundu umelowa na mvua ya usiku, nzito kama unga wa chapati, na 125 yangu kwenye udongo ule ikawa inahema. Nilifika kona ya kwanza wa tano kati ya sita. Nikapita mmoja, nikapita wa pili, nikapita wa tatu zikiwa zimebaki dakika nne, na yeye nikawa namuona, namuona kabisa, kila kona namkaribia kila kipando ananiacha. Kona namkaribia. Kipando ananiacha. Bendera ikashuka niko nyuma yake kama urefu wa basi. Akanishinda taji kwa pointi mbili.

Mashine haikukosea kitu. Gia zote ziliingia, klachi ilivumilia, plagi nilivoitoa ilikua chai ya maziwa safi. Ilifanya kila kitu inachoweza 125 kufanya na hicho ndo kilikua kiwango chake. Kaka yangu alikua amekaa juu ya tairi la akiba ameshika kile kipande cha mbao. Hakusema kitu kuhusu ile 250, na mpaka leo hajawahi kusema, Mungu ambariki.

2022 goti likaniamulia. Kano ya ndani, nikitua vibaya kwenye mazoezi ya Jumanne hakuna hata mtu anayeangalia. Daktari alisema utatembea vizuri, utapanda ngazi, utabeba watoto. Nikamuuliza na motokrosi? Akafunga faili.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa niwe wazi kwa wazazi. Kama binti ana miaka kama 14 mpaka 18, ameshatoka kwenye pikipiki ndogo za cc 85, mnunulie hii hata msifikirie mara mbili, hakuna shule nzuri kama hii na haimuui kwa nguvu ambazo hajazijua. Nunua iliyotunzwa, fungua kofia ya tanki unuse, toa plagi uiangalie, shika tairi la nyuma litikise uone kama limelegea, muulize anayeuza mara ya mwisho alibadili pistoni lini, akikwambia "haijawahi kufunguliwa hiyo" kwa majivuno, ondoka. Mimi nilikua nabadili kila masaa 25 mpaka 30 na kazi yenyewe ni ya jioni moja ukiwa na chai. Hiyo ndo raha yake, gharama ndogo zinazojulikana badala ya kubwa moja ya kushtukiza. Kama una hela ya ile mpya ya kuanzia 2022, injini wameichora upya na kabureta ni Keihin, niliipanda ya mtu siku moja na inavuta vizuri zaidi katikati, lakini mtoto anayeanza hatajua tofauti, hela iliyobaki nunua kinga za magoti. Narudia, magoti.

Ila akianza kuwashinda watu, iuzeni. Msisubiri msimu uishe, msisubiri apate mazoea ya kusifiwa. Mpandisheni kwenye 250 akinuna akisusa, atazoea. Nyota moja niliyoinyima ni hiyo, kwamba inapendeka kupita inavotakiwa, na Yamaha hawawezi kuirekebisha.

Ya kwangu nimeiuza mwaka jana kwa mzee mmoja wa Moshi na bintiye wa miaka 15, mrefu huyo, hakuhitaji hata ile siti ya fundi sofa, akaomba ya kiwandani nami nilikua nayo bado. Alipiga kiki mara tatu haikuwaka, akaniangalia, nikamwambia fungua petroli kwanza mdogo wangu. Mzee wangu alikuja kuishuhudia inapakiwa. Akaweka kiganja kwenye silinda kama siku ile ya Nairobi, akaenda zake bandani.

Wiki iliyopita yule binti kanitumia picha bila salamu wala nini, plagi iko kwenye kiganja chake kichafu, nyeusi tititi imelowa, na chini ameandika anti hii ni sawa? Nikamjibu hapana, hiyo imeshiba sana, shusha jeti namba moja, ukimbie mizunguko mitano, unitumie nyingine.